Kutoka Picha ya Anga hadi Ramani ya Mtaa: Mwongozo Kamili kwa Mkazi wa Dar es Salaam

Mtu akikupa picha ya Kigogo iliyopigwa kutoka juu, kitu cha kwanza utakachofanya ni kutafuta kwenu. Utafuata barabara, utahesabu mapaa, utauona mwembe wa jirani, halafu kidole kitasimama juu ya bati moja na utasema: ni hapa. Furaha hiyo huwafanya wengi waamini kwamba tayari wameshika ramani. Walichoshika ni picha, na kati ya picha na ramani kuna kazi ya siku kadhaa, nyingine ya kukaa kwenye kompyuta na nyingine ya kutembea juani. Mwongozo huu ni wa kazi hiyo. Nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi, mtendaji wa mtaa, kijana wa kikundi cha usafi, au yeyote anayetaka ramani ya mahali anapoishi na hana wa kumchorea.

Tofauti yenyewe ni hii. Picha imepigwa na kamera moja iliyosimama nukta moja angani. Kilicho chini kabisa ya kamera kinaonekana kutoka juu, na kilicho pembeni kinaonekana kwa mshazari. Kilicho karibu na kamera, kama paa la ghorofa au kilele cha kilima, hutoka kikubwa kuliko kilicho bondeni. Kwa hiyo kipimio cha picha hubadilika ndani ya picha ileile. Ramani huitazama kila nukta ya ardhi wima, kana kwamba umesimama juu yake, na kipimio chake ni kimoja kutoka pembe hadi pembe. Tena picha haina majina wala mipaka, na haichagui: kanga iliyoanikwa na kalavati la maji vina haki sawa mbele ya kamera. Anayechagua ni mchora ramani.

Uhusiano huu una umri mkubwa. Mwaka 1858 Mfaransa Nadar alipiga picha akiwa kwenye puto karibu na Paris, na baada ya Vita Kuu ya Pili picha za ndege ndizo zilizoichora sehemu kubwa ya nchi yetu. Uingereza ilianzisha idara ya upimaji wa makoloni mwaka 1946, na karatasi za 1:50,000 za Tanganyika zilitokana na picha zilizopigwa kutoka angani. Hapa Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria ulianza mwaka 2015: wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliungana na wakazi wa mitaa, wakatumia picha za droni kuchora maeneo yanayopata mafuriko na kuyaweka kwenye OpenStreetMap, ramani huru ya dunia ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Hutaanza mahali patupu.

Hatua ya 1: Jua swali lako kabla ya kutafuta picha

Ramani ya kuonyesha njia za daladala na ramani ya kuonyesha mitaro iliyoziba hazihitaji picha moja. Jiulize kitu kidogo kabisa unachotaka kukichora kina upana gani. Kichochoro cha Tandale au Manzese kinaweza kuwa na mita moja tu. Kwenye picha ya setilaiti ambayo pikseli moja, yaani doti moja ndogo kati ya zile zinazounda picha, ni sentimita 50 ardhini, kichochoro hicho ni pikseli mbili, na kivuli cha paa kikiangukia hapo kinapotea kabisa. Kwenye picha ya droni yenye pikseli ya sentimita 5, ni pikseli 20, na unaweza hata kuona ndoo imewekwa wapi.

Chagua pia kipimio cha ramani utakayochapisha. Kwa mtaa mmoja mimi hupendelea 1:2,000: milimita moja ya karatasi ni mita 2 za ardhi. Nyumba inaonekana kama nyumba, na bado mtaa unaenea kwenye karatasi ya A1.

Hatua ya 2: Pata picha inayofaa

Kuna njia nne. Picha za zamani za ndege na ramani zake ziulize kwenye idara ya upimaji na ramani ya wizara ya ardhi. Picha za droni zilizokwisha kupigwa jijini zipo kwenye OpenAerialMap, ambako nyingi za Ramani Huria ziliwekwa zitumike bila malipo. Picha za setilaiti unazipata ndani ya programu za kuchorea za OpenStreetMap zenyewe. Njia ya nne ni kupiga mwenyewe.

Angalia masharti ya matumizi. Picha kuonekana bure kwenye simu haina maana kwamba unaruhusiwa kuchora juu yake na kutangaza ulichochora. Ukitaka kazi yako iingie OpenStreetMap, tumia picha zilizoruhusiwa humo tu. Za Google hazimo.

Halafu tazama tarehe, na hapa naomba uwe mkali. Bonde la Msimbazi si lilelile mwaka hadi mwaka. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 familia nyingi zilihamishiwa Mabwepande, na Desemba 2015 nyumba nyingi za bondeni zilibomolewa. Picha ya Novemba 2015 na ya Januari 2016 zitakupa ramani mbili tofauti za sehemu ileile, na zote mbili zitakuwa za kweli kwa siku zake. Msimu nao una neno: picha ya Agosti inaonyesha bonde kavu lenye bustani za mchicha, ya Aprili, katikati ya masika, inaonyesha maji na mawingu mengi.

Hatua ya 3: Ukipiga mwenyewe

Kwanza kibali. Droni hairushwi hovyo: unahitaji ruhusa ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na jiji hili lina uwanja mkubwa wa ndege Kipawa pamoja na maeneo ya jeshi na ya serikali. Kisha nenda ofisi ya serikali ya mtaa, jitambulishe, eleza siku na saa, uwaombe wajumbe wawatangazie watu. Nyumba zetu nyingi zina bafu la uani lisilo na paa. Mtu anayeoga saa nne asubuhi hajakubali kupigwa picha kutoka juu, na hata kama sura yake haitambuliki, heshima yake inatambulika. Ukikuta picha ya namna hiyo, ifute au ifiche sehemu hiyo kabla hujampa mtu mwingine.

Sasa hesabu. Chukua kamera ya droni yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) ya upana wa mm 13.2, lenzi ya fokasi (umbali kutoka lenzi hadi sensa) mm 8.8 na pikseli 5,472 kwa upana. Ukiruka mita 100 juu ya ardhi, upana wa ardhi katika picha moja ni 13.2 ÷ 8.8 × 100, yaani mita 150. Gawanya kwa pikseli 5,472: kila pikseli ni karibu sentimita 2.7. Ukipanda mita 200, pikseli inakuwa mara mbili, ila unamaliza mtaa kwa muda mfupi zaidi.

Picha lazima zilaliane. Wapigapicha wa ndege za zamani walilaza asilimia 60 ya picha moja juu ya inayofuata na asilimia 30 hivi kati ya mstari na mstari, ili kila kipande cha ardhi kionekane angalau katika picha mbili kutoka pembe mbili. Hapo ndipo kina hupatikana, kama vile macho mawili yanavyokujulisha kikombe kiko umbali gani. Kwa droni, programu inahitaji zaidi: weka asilimia 80 mbele na 70 ubavuni. Kwa mfano wetu, mistari iachane mita 45, na picha ipigwe kila mita 20 (urefu wa ardhi katika picha moja ni mita 100).

Ruka asubuhi, saa tatu hadi saa tano, kabla upepo wa baharini haujapata nguvu. Juni hadi Septemba ni miezi mikavu na ya picha safi, lakini kusi huvuma, hivyo angalia betri: droni inayorudi dhidi ya upepo hula chaji kuliko ilivyokwenda.

Kabla ya kurusha, weka alama za ardhini zisizopungua tano, nne pembeni na moja katikati. Ubao wa sentimita 50 kwa 50 uliopakwa pande nyeusi na nyeupe unatosha. Pima katikati ya kila alama kwa kipokezi cha GPS cha wapimaji chenye usahihi wa sentimita, ukiweza kuazima au kumleta mpima. Simu inakosea mita kadhaa hata mahali pa wazi, na katikati ya mabati inazidi.

Hatua ya 4: Kipimio cha picha uliyopewa

Kwa picha ya ndege ya zamani, iliyopigwa wima, kipimio ni fokasi ya kamera ukiigawa kwa kimo cha ndege juu ya ardhi. Kamera nyingi za ramani zilikuwa na fokasi ya mm 152. Ndege ikiwa mita 3,800 juu ya ardhi: 0.152 ÷ 3,800 ni 1:25,000. Angalia neno "juu ya ardhi". Kimo kinachoandikwa pembezoni mwa picha mara nyingi ni juu ya usawa wa bahari. Kwa Kariakoo tofauti ni ndogo. Kwa vilima vya Pugu, usiipuuze.

Usiamini hesabu bila kuijaribu. Tafuta njia panda mbili zinazoonekana kwenye picha na ambazo bado zipo, nenda ukapime kati yake kwa futi kamba. Ukipata mita 240 ardhini na mm 12 kwenye picha, kipimio cha sehemu hiyo ni 1:20,000. Rudia sehemu nyingine mbili. Majibu yakitofautiana kidogo, hujakosea. Ndivyo picha ilivyo.

Hatua ya 5: Nyoosha majengo yaliyoegemea

Fungua picha yoyote ya Posta. Maghorofa ya katikati ya picha yamesimama, ya pembeni yameanguka kuelekea nje, ukuta mzima unaonekana. Kiasi cha kuegemea kina kanuni: umbali wa paa kutoka katikati ya picha, mara urefu wa jengo, gawanya kwa kimo cha ndege. Jengo la mita 60, paa lake likiwa mm 80 kutoka katikati ya picha, ndege mita 1,520 juu: 80 × 60 ÷ 1,520 ni mm 3.2. Kwenye picha ya 1:10,000 hiyo ni karibu mita 32 za ardhi. Ukilichora jengo kwa kufuata paa, umelihamishia ng'ambo ya barabara. Chora kitako cha jengo, pale linapogusa ardhi.

Programu kama WebODM huchukua mamia ya picha zinazolaliana, huhesabu umbo la ardhi, kisha huondoa makosa hayo na kukupa othofoto: picha moja kubwa yenye kipimio kimoja, unayoweza kupima juu yake kama ramani. Ingiza alama zako za ardhini hapo. Kompyuta yenye RAM ya GB 16 itaweza mtaa mdogo, ila iache ifanye kazi usiku. Baadaye kagua kingo za mapaa na nyaya. Hapo ndipo othofoto hupinda, na maghorofa marefu yanaweza kubaki yameegemea kidogo.

Hatua ya 6: Ipe picha koodineti (namba za mahali)

Picha ya karatasi iliyoskaniwa haijui ipo wapi duniani. Ndani ya QGIS, programu ya bure ya kutengeneza ramani, kuna kifaa cha kuifundisha: unabonyeza nukta kwenye picha, unaiambia koodineti zake. Kwa mageuzi rahisi kabisa nukta tatu zinatosha, lakini weka nane hadi kumi zilizotawanyika hadi pembeni. Chagua kona za barabara ya lami, kalavati za zege, kona za majengo mafupi ya zamani. Usichague mti, ukingo wa mto, wala paa la ghorofa.

Dar es Salaam iko kanda ya 37 kusini ya UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda na kupima mahali kwa mita. Tumia WGS 84, msingi wa vipimo unaotumiwa na GPS; namba yake ndani ya QGIS ni 32737. Ramani za zamani za nchi zinatumia Arc 1960, namba 21037, na mifumo hii miwili ikichanganywa kila kitu kinahama takribani mita 300. Njia ya haraka ya kujikagua: katikati ya jiji namba ya mashariki ni kama 530,000 na ya kaskazini huanza na milioni 9.2. Ukiona kitu kingine, simama.

Niliwahi kushiriki kazi ambayo vikundi viwili vilichora nusu mbili za mtaa mmoja juu ya picha mbili ambazo hazikuwa zimelinganishwa. Tulipoziunganisha, barabara ilikatika katikati kwa upana wa nyumba, na safu nzima ya vibanda ikakaa ndani ya mtaro. Wiki mbili za kazi za vijana kumi zilirudiwa. Linganisha picha kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa.

Hatua ya 7: Jifunze kuisoma

Anza na kivuli. Miongozo mingi iliyoandikwa Ulaya husema kivuli cha adhuhuri huelekea kaskazini. Hapa kwetu, nyuzi karibu 7 kusini ya ikweta, Juni jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini na kivuli huangukia kusini; Desemba ni kinyume. Mwanzoni mwa Machi na katikati ya Oktoba jua hupita utosini, na adhuhuri vivuli hukaribia kutoweka. Ukiona mtaro unaonekana kama tuta, izungushe picha hadi vivuli vije upande wako, macho yatatulia.

Kisha rangi na umbo. Bati jipya hung'aa karibu nyeupe, bati la miaka mingi ni kahawia ya kutu, na nyumba moja yenye vipande vya rangi tatu kwa kawaida imeongezwa vyumba vya kupangisha kwa awamu. Mnazi ni nyota ndogo yenye kivuli chembamba kirefu. Mwembe ni duara zito la kijani. Vyumba virefu vilivyopangana kuzunguka uwanja wa mchanga ni shule. Msikiti mara nyingi unautambua kwa kivuli cha mnara wake, na kwa kuwa jengo limekaa mshazari na safu ya nyumba, kwa sababu linaelekea kibla, kaskazini ya hapa. Doti nyeusi za mviringo juu ya minara ni matangi ya maji. Ardhi iliyokanyagwa hadi ikang'aa ni njia ya watu, hata kama haina jina kwenye ofisi yoyote.

Hatua ya 8: Chora

Chora kwa mpangilio: barabara, maji, majengo, halafu vitu vya nukta kama vioski, visima na madampo. Kila aina iwe na tabaka lake. Majengo yawe na kona za mraba pale ambapo ni ya mraba. Usipojua kitu ni nini, chora umbo lake na uweke alama ya kuuliza. Ukibuni jina ukiwa mezani, mwenzako ataliamini.

Hatua ya 9: Itembeze picha mtaani

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayonigusa kuliko zote. Chapisha picha pamoja na mistari uliyochora, ipeleke kwa mjumbe wa shina.

Kigogo, karibu na mto, tulimkuta bibi mmoja mjumbe amekaa barazani akichambua mchele. Tukamwamkia, akatukaribisha, akafuta mikono kwenye kanga na kuipokea karatasi. Hakuuliza kaskazini iko wapi. Aliizungusha polepole hadi mto wa kwenye karatasi ukawa upande wa mto wenyewe, ndipo akainama. "Mwembe wangu huu," akasema, "na hili bati la mama wa jirani." Halafu kidole chake kikatembea kwenye ukanda mweupe uliopita kati ya nyumba, ambao sisi tulikuwa tumeuchora kwa mstari wa njia. Kikasimama.

"Hapa, wanangu, msiandike njia. Mmekuja kiangazi. Masika hapa ni mto."

Akatuonyesha ukutani mwa nyumba yake mstari wa tope, juu ya kiuno changu. Picha ilikuwa ya Agosti, safi, ya pikseli ndogo, othofoto nzuri kabisa, na ilikuwa imetuonyesha mchanga mkavu uliokanyagwa. Tulipima urefu wa ule mstari wa tope, tukapiga alama, na njia yetu ikawa mkondo wa maji ya msimu. Tulifanya hivyo nyumba kwa nyumba hadi jioni.

Kwa hiyo kwenye matembezi uliza yale ambayo kamera haiyaoni: majina ya njia kama watu wanavyoyataja, mpaka wa mtaa na wa shina, maji yalifika wapi na mwaka gani, kalavati lipi limeziba, kisima kipi ni cha chumvi, jengo lipi ni zahanati na lipi lilikuwa. Waulize watu zaidi ya mmoja, wazee na madereva wa bodaboda pia. Majibu yakipingana kuhusu mpaka, andika kwamba unabishaniwa na upeleke swali kwa mtendaji. Mpaka usioelewana usiuamue wewe kwa kalamu.

Hatua ya 10: Kamilisha na ukabidhi

Yale tuliyofundishwa shuleni bado yanatakiwa: jina la ramani, ufunguo, dira, kipimio na fremu. Kipimio kichore kama mstari pia, kwa sababu karatasi ikitolewa kopi kwa ukubwa mwingine, 1:2,000 inakuwa uongo lakini mstari unanyumbuka pamoja na ramani. Ongeza tarehe mbili: siku picha ilipopigwa na siku mlipomaliza kutembea.

Andika pia, kwa herufi zinazosomeka, kwamba ramani hii haithibitishi mipaka ya viwanja. Mtu asiende nayo kugombana na jirani. Mambo ya hati na bikoni (alama za mpaka wa kiwanja) ni ya mpima aliyesajiliwa, na picha ya anga, hata ya sentimita 3, haioni bikoni iliyofukiwa chini ya ukuta.

Nakala ya kwanza ibandike kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, kwenye kimo ambacho mtu aliyekaa anaweza kuisoma, na ufunge kalamu kwa kamba pembeni yake. Nakala ya pili mpelekee mjumbe aliyekusahihisha. Rudi baada ya masika yajayo, ukasome yaliyoandikwa kwa ile kalamu.